Kilima cha Keyur

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Novemba 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na mvua za vuli zimeshaanza huko Kilema. Sisi huku hatujambo. Daktari amemtoa Baba plasta ya mguu, na sasa anatembea na mkongojo wake akigombana na kila mwenye mkokoteni anayemkatia njia. Duka langu la vitenge nalo linakwenda, ingawa siku hizi kila mtu hapa Kariakoo amekuwa mwagizaji wa bidhaa za Dubai.

Na huko Dubai ndiko ilikotoka mashine ninayotaka kukueleza. Jirani yangu wa dukani, Keyur, mtoto wa yule Mzee Tulsidas aliyekuwa akituuzia vitambaa, ameleta mchezo wa ajabu. Unavaa kofia nzito kama ya pikipiki, ndani yake mna televisheni ndogo mbele ya kila jicho. Ukigeuza kichwa, na picha inageuka, mpaka unajiona umo humo. Mchezo wenyewe ni kilima cha kijani na ndege wa kupiga kwa bunduki. Vijana wanapanga foleni hadi barabarani.

Keyur anasema miaka ijayo kila nyumba itakuwa na kofia hiyo, na watu watatembeleana na kufanya biashara bila kutoka kitandani. Nilimjibu labda wateja wake. Wangu hawanunui kitenge bila kukipapasa na kunigombeza. Nilimcheka sana. Sasa sicheki, Mama. Naamini siku hiyo itafika, na inanitisha.

Baba alianza kwenda dukani kwa Keyur baada ya kuchoka kukaa dukani akikosoa ninavyokunja vitambaa. Hakupiga ndege hata mmoja. Vijana walipomzomea kwamba anaharibu mchezo, akawajibu kuwa amekuja kutembea tu, maana humo ndani miguu yake yote ni mizima. Ikawa kila siku baada ya chakula yuko kwa Keyur. Nilipomuuliza anaona nini, akasema kuna mtu kule juu, amempa mgongo.

Nilikwenda kumuuliza Keyur. Akaapa kuwa mchezo hauna watu, una ndege tu. Nikaivaa kofia mwenyewe. Ni kilima kitupu, Mama, majani hayatikisiki, hakuna hata mbuzi. Lakini nikiwa nimesimama pale nilihisi kabisa kuna mtu nyuma yangu, na nikashindwa kugeuza shingo. Niliogopa sana. Tangu hapo nikifumba macho, hata mchana katikati ya wateja, nakiona kile kilima.

Alhamisi iliyopita Keyur akaja kuniita. Nilikuta sakafu imelowa na chumba kinanuka pombe ya mbege. Baba alikuwa ameingia na ile chupa ya chai anayowekea mbege yake, na akiwa amevaa kofia akaimimina chini, juu ya nyaya. Vijana walicheka kwamba babu amelewa. Keyur hakucheka. Aliniambia kwao pia waliotangulia humiminiwa maji, kwa hiyo alizima umeme akamwacha amalize.

Nilidhani Baba amechanganyikiwa, kwamba amejiona yuko nyumbani. Tulipokwenda kupumzika bustani ya Mnazi Mmoja nikamwambia hivyo, akakasirika. Alisema anajua fika kuwa ile ni mashine, ila ndani yake hakuna wa kumkataza. Aliwamiminia baba yake na babu yake, akiwataja. Halafu akamtaja Tarsis.

Najua, Mama. Tangu kaka Tarsis aende vita vya Kagera, asirudi wala asiletwe, umekataza atajwe pamoja na waliokufa, kwa sababu kumtaja pale ni kumzika. Baba amenyamaza miaka yote hii kwa ajili yako. Anasema yule mtu wa kilimani alikuwa amevaa kombati za jeshi, na alipomtaja kwa jina hakumwona tena. Keyur anasema ni kwa kuwa alizima umeme.

Baba amenituma nikuombe. Anataka Krismasi hii ammiminie kaka pale migombani, wewe ukiwepo, umtaje kwa mdomo wako. Ukikataa, hatapanda basi. Atabaki huku, na Keyur ameahidi kuitengeneza mashine iliyoharibiwa na mbege. Nikimwona Baba anavyoitazama ile kofia, naona akirudi humo hatutampata tena.

Mimi niko upande wake. Naandika neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka nyumbani kwetu, unisamehe. Tarsis amekufa, Mama.

Nisalimie Shangazi Tatu na wote wa jumuiya. Jibu lako mpe dereva wa basi, hata likiwa neno moja. Baba hajaweka salamu zake humu. Amesema atakusalimia akishasikia umelitaja hilo jina.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Celina