Dada Anafumua Nguo Zilizokwisha Kushonwa

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana nyumbani hakuna anayenielewa. Mimi na dada yangu tuna kibanda cha ushonaji, yeye anakata na kushona, mimi natia vifungo, napiga pasi na kuzungumza na wateja kwa sababu yeye si mtu wa maneno mengi, na sifa yake ni kwamba mshono wake haupindi. Sasa tangu mwaka jana akimaliza nguo anaitazama, anasema imepinda, anachukua wembe anaifumua yote anaanza upya, na mimi nikiangalia sioni kilichopinda, mwanzoni tulicheka tukamwita Bi Rula, mama akajisifu kwa majirani kwamba mwanawe hafanyi kazi ya kulipua, lakini siku hizi chakula kinapoa hajakigusa, vidole vimechanika, na juzi bibi harusi kaja kuchukua gauni akakuta mikono ya gauni iko mezani na kiwiliwili kiko kwenye cherehani, akaangua kilio, ikabidi nimdanganye kwamba umeme ulikatika. Nikaona dawa ni kuuficha wembe ndani ya kopo langu la vifungo, mshauri, niliporudi kutoka dukani nilimkuta anang'ata nyuzi kwa meno huku machozi yanamtoka, akaniambia, "Mdogo wangu, naona kabisa iko sawa, ila mikono hainisikilizi." Nikamwambia aache utani. Mama anasema kila mtu na tabia yake, nikitaja hospitali anadai nataka mwanawe aitwe kichaa na wateja watukimbie. Kumpeleka nitampeleka, hilo nimeshaamua, lakini niambie kwanza, huyu ni mgonjwa au ni fundi makini tu?

Mtia Vifungo

Marahaba, Mtia Vifungo. Pole sana, kusimama katikati ya mama na dada si kazi ndogo. Ila nitakugombeza kidogo, vumilia.

Fundi makini humaliza kazi, akaridhika, akaenda kula. Dada yako anaona nguo iko sawa na bado hawezi kuiacha. Hayo si maringo wala kichaa. Wapo wanaorudia kufunga mlango au kunawa mikono namna hiyo hiyo, na wanatibiwa. Jina la tatizo atalitoa daktari, mimi sipimi watu kwa barua. Lakini swali la "kawaida au si kawaida" litakuchelewesha bure. Jiulize kama jambo hili linamtesa dada na kumzuia kuishi. Umeshanijibu mwenyewe.

Kilichoniudhi ni hilo kopo. Ulificha wembe kana kwamba wembe ndio unaoumwa! Na alipokufungulia moyo, ukamwambia aache utani. Jamani!

Sasa sikiliza. Habari ya umeme iishe. Waambie wateja fundi anaumwa na upunguze oda. Watakaokimbia, wakimbie. Mama mweleze mkiwa wawili, bila kufoka, na akikataa usimsubiri, kwani dada ni mtu mzima na ridhaa inayotakiwa ni yake. Mkifika hospitali ulizia kliniki ya afya ya akili kwa sauti yako ya kawaida, kama unavyoulizia ya meno. Muulize dada pia bila woga kama anawaza kujidhuru. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mwende saa hiyo hiyo.

Leo ukiingia kibandani, usiguse nguo. Vuta kigoda ukae karibu naye, umwambie: "Dada, ulisema mikono haikusikilizi, na mimi pia sikukusikiliza. Vaa viatu, twende."