Ndago Yenye Jina la Mama

Nyalikungu, Maswa
18 Mei 2025

Kwa kaka yangu Mabula,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, wewe na wifi Apolonia na watoto, na mguu wako uwe umepata nafuu. Ng'ombe je, wanaendeleaje? Nimesikia mvua za mwisho zimewatendea vizuri huko kwenu na lambo limejaa. Mimi mwilini ni mzima. Najua utashangaa kuona nakuandikia kutoka Maswa wakati unajua niko chuoni. Nina wiki mbili hapa Nyalikungu, nimepanga chumba, na kufika kwako Bariadi ni safari ya asubuhi moja tu. Sijaja kwa sababu jambo nililonalo siwezi kukuambia uso kwa uso, na kwenye simu ungenikatisha kabla sijamaliza. Barua nampa Generoza, anayekuja mnadani huko Jumanne, akukabidhi mkononi.

Uliniambia shangazi wa Nassa na wale wa Binza watakuja Jumamosi kusikia jina la mama likisomwa kutoka kitabuni, na kwamba dume la kuchinja umeshalichagua. Tafadhali usilichinje. Soma kwanza.

Profesa Joakim unamjua kwa jina tu, maana kila nilipokuja nyumbani nilimtukana mbele yako. Ndiye mkuu wa ile nyumba ya mimea mikavu ambamo nimefanya kazi miaka kumi na minne, kazi ya kubana mimea katikati ya magazeti, kuikausha, kuibandika kwenye karatasi ngumu na kuandika ilikotoka. Unaikumbuka ndago ya kwanza. Mama ndiye aliyetuonyesha, akasema tuangalie vizuri, ng'ombe wanakula ndago zote za pembeni mwa mbuga lakini hiyo wanaipita. Niliichukua. Miaka miwili nililinganisha shina lake, majani yake na mbegu zake na kila ndago iliyomo kwenye makabati yetu, nikaona haina ndugu. Nikaandika maelezo yake yote, mstari kwa mstari, jina la mama likiwa juu, nikampelekea Joakim. Akaniambia mimi ni fundi, jarida halitapokea andiko la fundi, aachiwe yeye alipeleke.

Alilipeleka kweli. Lilitoka na jina lake peke yake, na ndago ya mama ikapewa jina la mke wa mfadhili mmoja, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga tope la Simiyu. Mimi niliwekwa chini kabisa kwenye shukrani, pamoja na aliyekuwa anafagia. Mama alikuwa ameshalala kitandani wakati huo. Kila jioni aliniuliza kama majani yake yametoka kitabuni, nami nikamjibu bado kidogo, mayu. Alikufa Agosti ile akiwa na uongo wangu. Nilimtazama akishushwa kaburini, na aliyekuwa kichwani mwangu ni Joakim. Sijamsamehe, kaka, na nisikufiche, sina mpango wa kumsamehe.

Miaka saba nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumpokea begi. Watu wakanisifu kwa heshima. Heshima gani! Nilikuwa namsubiri tu, kama mtu anavyosubiri mhogo uive chini ya ardhi. Mwaka juzi akaanza kusema anakaribia kustaafu na anatamani mmea mmoja mpya wa kuagia. Hapo nikajua zamu yangu imefika.

Nilichukua ndago ya kawaida kutoka kwenye jaruba la mpunga, nikaitumia sehemu ya chini, mizizi na shina. Nikachukua ndago nyingine ya ufukweni kule Nassa, nikaikata kichwa chenye maua. Nikazikausha pamoja na kuziunganisha kwa gundi. Ule ukanda mwembamba wa karatasi tunaotumia kushikiza shina nikaubandika juu ya kiungo hasa. Wewe unajua mikono yangu. Shina lenye pembe tatu juu ya shina lenye pembe tatu, hata mimi ilinibidi nitafute nilipounganisha. Nikaandika imetoka Bariadi, nikaiweka mezani kwake bila neno.

Aliishangilia. Huyu ndiye aliyewafundisha wanafunzi wote kwamba mmea hauandikwi kutokana na karatasi moja, kwamba lazima uende ulikoota, na ukirudi uloweke shina na kulikagua lote. Aliniuliza zingine ziko wapi nikamwambia ng'ombe wamezimaliza. Akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Alipokaa kuandika nilimpelekea chai, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Wakati huo huo mimi na wewe tulipata ile ya kweli kwenye lambo lako, ile fupi yenye mbegu nyeusi. Nilikuahidi kwamba hii nitaiandika mwenyewe na itaitwa kwa jina la mama. Mpango wangu ulikuwa huo: Joakim aaibike kwa ndago ya uongo, halafu Nyanjige aingie kitabuni kwa ndago ya kweli. Kwa hiyo ulipoanza kualika watu sikukuzuia.

Mwezi wa tatu andiko lake lilitoka. Nilifungua kwa furaha, nikaliona jina. Kaka, aliiita Nyanjige. Aliandika kwamba anampa heshima hiyo mama wa Kisukuma wa Bariadi aliyezitambua ndago za nchi yake kabla ya wasomi, na kwamba yeye Joakim alimnyima binti wa mama huyo haki yake, na anaomba radhi mbele ya wote watakaosoma. Baadaye alikuja kwangu, akaniuliza kama nimefurahi. Nikamjibu asante.

Na sheria ya kazi yetu ni hii. Jina likishachapishwa kwa ndago moja, haliwezi kupewa ndago nyingine ya kundi lile, hata ile ya kwanza ikija kuonekana ni uongo. Kubadilisha herufi za mwishoni hakusaidii. Nawe unajua mama hakubatizwa, hakuwa na jina la pili la kukimbilia. Ile ya lambo lako haitaitwa Nyanjige kamwe.

Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kuja kwako. Ningeweza kunyamaza. Kama ningenyamaza, pengine miaka hamsini ingepita bila mtu kuinua ule ukanda, na jina la mama lingekaa kitabuni kwa amani pamoja na ile radhi. Andiko la kumfichua Joakim nilikuwa nimeshaliandaa zamani, pamoja na picha za kiungo. Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano nikalituma kwa jarida lile lile. Nililiona jina la mama, kaka, nikalisoma mara nyingi, na bado nikatuma. Hakuna aliyenilazimisha. Yule mzee alinirudishia kile alichonipora, na mimi sikutaka kurudishiwa. Nilitaka aanguke.

Ameanguka. Hafla ya kumuaga imefutwa, kazi zake zote za nyuma zinakaguliwa upya, na wapo wanaosema alibandika mwenyewe, nami sijawakanusha. Alinipigia simu mara moja kuuliza kama ni mikono yangu. Nikasema ndiyo. Akasema hatamwambia mtu, ila anamsikitikia mama. Nilikata simu nikacheka, nilicheka kweli. Wiki iliyofuata nikawasikia mafundi vijana wakichambua mmea uliokosewa, mmoja akamwambia mwenzake autupe, hiyo ni nyanjige. Ndivyo wanavyoita sasa kitu chochote cha kughushi. Niliacha kazi siku hiyo hiyo.

Usiniulize kama najuta kumwangusha Joakim, kwa sababu sijui kukujibu bila kukudanganya. Juu ya mama najua.

Basi, kaka, nisalimie wifi na umshukuru kwa karanga alizoniletea mwaka jana. Mwambie Shija mdogo aendelee na shule. Shangazi waambie utakavyoona inafaa, ukweli wote au nusu, sitakupinga. Ukitaka nije, nitumie neno kwa Generoza. Ukikaa kimya nitaelewa.

Nimeambatanisha ukurasa wa jarida. Ni Kiingereza kitupu, lakini majina mawili utayatambua bila msaada wa mtu. La mama liko juu, kwa mmea ambao haupo. Chini yake, kwa mtu aliyethibitisha kwamba haupo, liko langu.

Mdogo wako,
Maximiliana