Hata Saa Yenu Inalala

Kambi ya Barabara,
Nyamache, Kisii.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya mgongo wako, maana nasikia bado unakusumbua. Natumaini ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka wewe mwenyewe, hukuwagawia majirani kama ile ya mwaka jana. Mimi huku ni mzima, mikono miwili, miguu miwili, meno yote. Ni roho tu ambayo haijatulia, kwa sababu nimekasirika, na nimekasirika kwa haki.

Wakesho, dada yangu, wewe ndiye unayemsomea Mama. Soma polepole. Ukifika mahali pa kucheka jizuie mpaka umalize sentensi, maana ukianza kucheka Mama hasikii kitu.

Mama, wewe ni shahidi. Ni nani aliyekuwa akiamka kwetu kabla ya jogoo, akishuka mtoni na ndoo mbili, ukungu umejaa bondeni hadi huoni miguu yako? Ni mimi. Sasa huku nimeitwa mlalaji mbele ya watu. Tena si mimi peke yangu, ni sisi sote, ukoo mzima, hata na marehemu Baba.

Mwenye kusema hivyo ni Mzee Ombati, baba yake Kwamboka. Kwamboka ni yule mwalimu wa nasari niliyekuandikia habari zake, na wewe ukanijibu ngoja nije nimwone. Mzee huyu hana ubaya wowote na mimi ila mmoja: nimetoka Pwani. Nimemweleza mara kumi kwamba kwetu ni Taita, milimani, kuna baridi na kabeji, na bahari mimi mwenyewe niliiona nikiwa nimeshaota ndevu. Anasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu ananiuliza, "Lakini si ni Pwani?"

Na watu wa Pwani, anavyojua yeye, wanalala. Nani alimwambia, sijui.

Sasa nije kwenye saa. Tulipomaliza daraja, yule injinia wa Kijerumani alinipa zawadi ya saa yake ya mkono, kwa sababu alisema hajaona dereva wa greda kama mimi tangu azaliwe. Hayo ni maneno yake, mimi sijisifu. Mama, hiyo si saa ya kuuliza tu saa ngapi. Ina dira ya kukuonyesha kaskazini. Inapima joto, inapima uzito wa hewa, inakuambia umepanda mlima mita ngapi. Haitaki betri ya kununua dukani, inakula jua. Chini ya kioo kuna kibamba cheusi, mwanga ukikipiga, saa imeshiba. Naamini Kisii nzima hakuna nyingine.

Lakini ina vitufe vitano, na kijitabu chake kina lugha saba. Mpaka Wareno wamekumbukwa, Mswahili hayumo! Nikaanza kuibonyeza mwenyewe. Mara inaniambia kaskazini ni kwenye usukani, nikigeuza greda kaskazini nayo inanifuata. Kumbe chuma cha greda kinaichanganya. Siku nyingine mvua inakaribia, saa inasema kambi yetu imepanda mita arobaini tangu asubuhi. Nikawauliza wenzangu ni nani ameihamisha kambi. Ikabidi nielezwe kwamba hewa ikipungua uzito, saa inadhani umepanda mlima. Saa ya bei kubwa hivyo, na inadhani!

Nikaipeleka Kisii mjini kwa Bhai mwenye duka la redio, mzee wa Kihindi mwenye mikono mitulivu kama ya daktari. Akashikilia kitufe cha juu kushoto mpaka herufi tatu zikaanza kuwaka na kuzima. Saa hii huiambii tu ni saa ngapi, unaiambia kwanza uko mji gani. Bhai akatafuta, akatafuta.

"Nairobi hapana," akasema. "Iko Jeddah. Jeddah na Kenya saa yake moja. Hii A ni asubuhi, hii P ni jioni na usiku. Sasa nimeweka sawa. Wewe usiguse tena."

Mama, ningekuwa mtu wa kusikia, barua hii ingekuwa fupi.

Shida ilianza siku ileile. Watu wananiuliza saa ngapi, nami natazama naona nane kamili asubuhi. Sasa niseme nane? Saa mbili asubuhi inaitwaje nane? Saa ya mishale haina neno, unatazama mshale unasoma upande wa pili, hata mtoto anajua. Hii haina mshale, ina namba tu, na namba inasema uongo mbele ya macho yangu. Nikaona haiwezekani nivae saa isiyojua Kiswahili. Nikashikilia kile kitufe, nikawa nageuza mji mmoja mmoja, mpaka nikafika penye herufi R, I, O. Papo hapo ikaandika mbili kamili! Injinia wetu wa sasa akaniambia huo ni mji wa Brazil. Nikamjibu basi Wabrazil ni Waswahili na hawajijui.

Kwa hiyo saa yangu ikawa inakaa Brazil na mimi nakaa Nyamache, tukapatana vizuri kabisa. Mpaka Mzee Ombati aliponiita.

Akaniambia hivi, mbele ya Kwamboka na mama yake: "Kijana, unataka kuleta watu wako hapa. Sawa. Lakini mimi nataka kwanza nione kama wewe unaamka. Kesho ni soko Nyakoe. Pikapu inatoka hapa saa kumi na nusu alfajiri na ndizi zangu. Kuja tupakie."

Nikacheka. Nikanyoosha mkono ili kila mtu aione saa. Nikamwambia, "Mzee, saa hii imetoka Ujerumani. Ikishaambiwa saa kumi na nusu, hata wewe utaamka ukiwa kwako." Kwamboka akanikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza.

Kambini nikatega kengele yake. Nikaweka kumi na nusu, halafu ikaniuliza A au P. Nikakumbuka maneno ya Bhai: A ni asubuhi. Nikaweka A. Nikalala kwa raha zote.

Niliamshwa na jua, Mama. Saa mbili! Nikakimbia mlima mzima, nikakuta pikapu imeshaondoka zamani. Na ni nani waliopakia ndizi? Ni Kwamboka na mama yake, mikungu ile mikubwa inayomshinda hata mwanamume. Kwamboka alikuwa anajikanda bega. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekuja," akaingia ndani. Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Alasiri ile nikarudi kuomba msamaha. Nikamkuta Mzee ameshatoka sokoni, amekaa sebuleni na mzee wa kanisa. Nikajieleza. Nikasema kengele nilitega, naapa, labda ni mitambo ya Wajerumani. Mzee akanisikiliza kama kawaida yake. Halafu akasema tuombe kwanza. Tukainamisha vichwa, mzee wa kanisa akaanza, na sala yake ilikuwa ndefu. Alipofika mahali pa kuombea vijana waliopotea, mkono wangu ukalia: pii-pii, pii-pii, pii-pii! Nikabonyeza vitufe vyote vitano. Ikawasha taa. Ikanionyesha kaskazini. Haikunyamaza.

Ilikuwa saa kumi na nusu kamili, ya jioni.

Mzee Ombati akafungua jicho moja. "Haya," akasema, "sasa ndio ameamka."

Wakesho, najua umeacha kusoma. Jifute machozi, endelea.

Mzee wa kanisa alicheka hadi sala ikaishia hapo bila amina. Kwamboka akaja akachukua saa, akaitazama, akaniuliza, "Umeiweka wapi hii?" Nikamwambia Brazil. Akakaa chini kabisa. Akanieleza kama anavyowaeleza watoto wake wa nasari: mchana wetu unapoanza, kule Brazil ndio kwanza usiku wa manane, kwa hiyo kwenye saa yangu A imeshika mchana wote wa kwetu, kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, na P imeshika usiku wote pamoja na alfajiri yake. A yangu haikuwa ya asubuhi tena. Sasa mimi ningejuaje? Nauliza kwa uchungu: ningejuaje? Niliishia darasa la sita, na darasa la sita hatukufundishwa Brazil.

Akairekebisha kengele ikawa P. Mzee akanyoosha mkono, nikadhani anataka kunipa mkono wa kwaheri. Kumbe anataka saa. "Hii itakaa hapa," akasema, "mpaka mwenyewe ajifunze kuamka." Saa yangu, Mama! Zawadi yangu! Nikampa, tena kwa mikono miwili, kwa sababu ningefanya nini, na kwa sababu nilikuwa nalitazama lile bega la Kwamboka. Nikamwomba kitu kimoja tu: "Mzee, uiweke dirishani ipate jua. Isipopata jua inazimika."

Wiki ileile tukapelekwa na magreda Nyacheki, nikakaa huko wiki tatu. Habari zikanifuata. Kila mtu Nyamache ameshaambiwa juu ya yule Mpwani aliyeamka saa kumi na nusu ya jioni. Nikipita na greda wachuma chai wananipungia mikono na kulia pii-pii! Watu wazima!

Niliporudi, siku ya soko ilikuwa kesho yake. Nikamwomba mpishi wetu, Omondi, mtu wa kando ya ziwa, aniamshe. Omondi hana vitufe. Alinimwagia maji. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mzee Ombati, baridi inaniuma masikio, nikangoja. Nyumba kimya. Pikapu ikafika, dereva akapiga honi. Kimya. Mwisho mama yake Kwamboka akafungua mlango na taa mkononi, akanitazama, akatazama pikapu, akaniambia, "Bwakire, mwanangu," yaani kumekucha. Halafu akarudi ndani, nikamsikia anaongea Kikisii kwa sauti ambayo haihitaji mkalimani.

Mzee akatoka kiatu kimoja kimevaliwa, kingine kiko mkononi. Kumbe siku hizi alikuwa anaingoja pii-pii imwamshe. Na saa yangu iko wapi? Iko kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda, imefungwa kwa leso, ili isiibwe! Wiki tatu gizani bila hata chembe ya jua. Akaifungua mbele yetu, kioo cheupe, hakuna namba wala herufi. Imekufa njaa, masikini.

Na unajua alisema nini? Hakusema samahani. Aliiinua juu ili hata dereva aone, akasema, "Mnaona? Watu wa Pwani! Hata saa yenu inalala!"

Hapo nilijibu, Mama. Nilisema, "Mzee, mimi nimesimama hapa tangu saa kumi. Saa nilikupa ikiwa macho. Imelala kwako." Nikajiambia Mwadime, umekwisha, mke umemkosa. Mama yake Kwamboka ndiye aliyecheka kwanza. Akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nami nisikie, "Huyu ameamka. Wewe ndiye umelala. Mwambie watu wake waje."

Tukapakia ndizi. Kwamboka nilimkataza kugusa hata chane moja. Mkungu wa mwisho Mzee akaupandisha mwenyewe. Ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo, "Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Saa nne asubuhi. Wasichelewe."

Basi mnakuja, Mama. Hilo ndilo jambo la barua hii, na ndiyo maana hasira zangu mnaziona zina meno lakini haziumi. Mfike Kisii Jumamosi, mlale mjini, nitawatafutia mahali pazuri, mimi watu wananijua. Saa tatu tuwe njiani. Mje na sweta, siyo leso tu.

Nisalimie Shangazi mwenye kioski cha stendi, mwambie namtegemea kwa maneno, lakini asiseme yote. Nisalimie Babu wa kanisani anayepiga kengele, na shemeji yangu fundi baiskeli, mume wa Wakesho, ambaye ninajua anasikiliza kutoka jikoni.

Sasa Baba Mdogo. Baba hayupo, kwa hiyo yeye ndiye msemaji wetu, hakuna mwingine. Nampenda, alinilea. Lakini Mama, wewe unamjua na mimi namjua: akikaa kwenye kiti chenye mgongo na akapewa chai yenye maziwa, anasinzia kabla kikombe hakijaisha. Alisinzia kwenye harusi ya Wakesho. Alisinzia kwenye mazishi, akiwa amesimama. Chai ya huku ni nzito na maziwa yake ni mengi, na viti vya Mzee Ombati vyote vina migongo. Wakesho, utakaa ubavuni kwake, na kucha usikate tangu leo. Kichwa kikianza tu kushuka, finya. Finya bila huruma, maana Mzee atakuwa anakitazama hicho kichwa, hatazami kitu kingine.

Ni mimi mwanao, niliye macho,
Mwadime.