Mwingine Mwenye Jina Langu

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu
Kabambare. Mvua toka asubuhi. Wanawake sita tu wamekuja kituoni kuchukua dawa za virusi vya ukimwi. Barabara ya Lusangi imeharibika. Saa sita mukubwa wangu wa kazi, wa Kasongo, ameniandikia: nimutumie kode, zile namba za siri zilizoingia mu telefone yangu, ni za orodha mupya ya wagonjwa. Nimetuma. Dakika mbili, akaunti yangu ya ujumbe imefungwa. Rezo tu, mtandao mubaya, nadhani.

Jumatano, 5
Si rezo. Mukubwa amepiga simu: hakuniandikia kitu. Mutu aliweka picha yake, akajifanya yeye.
Furaha wa maabara amenionyesha telefone yake. Jina langu. Sura yangu, na blauzi nyeupe. Chini imeandikwa kwamba niko hewani. Telefone yangu ilikuwa juu ya meza, imezimika. Tukiwa tunaangalia, ujumbe ukaingia: "Furaha, umekula?" Akaitupa telefone.
Mu akaunti ile kuna majina ya wanawake wangu wote. Na picha za fishe zao, karatasi za matibabu. Nilizipiga wakati paa lilianza kuvuja, karatasi zisiharibike, nikaziweka humo. Hakuna mutu aliyenituma. Naogopa.

Ijumaa, 7
Riziki, mugonjwa wangu, amenishukuru sokoni. "Ujumbe wako wa jana umenituliza sana, dada."
Sikuandika ujumbe. Nimeusoma: "Mudogo wangu, usiogope, niko nawe. Bwana yako anajua?" Mudogo wangu. Ni mimi nawaita wagonjwa hivyo. Amesoma maneno yangu ya zamani, amejifunza kusema kama mimi. Riziki alimujibu yote.
Nilipomwambia si mimi, aliniangalia usoni muda murefu. Kama anatafuta mimi ni nani.

Jumapili, 9
Mama Aziza wa Lusangi, naye mugonjwa wangu. Yule mwizi alimwambia atume pesa, ao bwana atajua. Alikataa. Bwana amepokea picha ya fishe. Amemufukuza na mutoto mugongoni. Amerudi kwa wazazi wake.
Kode niliitoa mimi. Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 10
Tunapiga simu kuwaonya. Wengi hawaipokei namba yangu tena. Shefu wa kituo anasema tungoje jibu la Kasongo. Singoji. Kesho pikipiki, mutu kwa mutu.

Jumatano, 12
Akaunti imerudi. Picha hazirudi. Nimemwandikia Furaha: ni mimi sasa. Hakujibu.

Alhamisi, 13
Salamabila. Mama Sifa, mugonjwa wangu, anauzia wachimba zahabu unga wa muhogo. Nimemweleza yote, tumesimama nyuma ya nyumba yake. Hakulia. Hakunitukana.
"Yule mwingine alikuwa ananiuliza kama nalala vizuri," akasema. "Siku nne, kila asubuhi. Wewe haukuniulizaka hata siku moja. Unaulizaka dawa tu."
Ni kweli.
Akauliza fishe yake iko wapi sasa. Nikamwambia sijui, na labda sitajua. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akakiweka mbele yangu, akaketi mwenyewe juu ya gunia.
Nikamuuliza kama analala.
"Hapana," akasema.
Nikakaa.