Taa za Jasi za Rogathe

Alhamisi, 10 Julai 2025

Kwa taarifa ya umma — yaani mimi na daftari hili: leo saa nne asubuhi viatu vyangu vyeusi vimepigwa kiwi. Mara ya kwanza tangu Pasaka! Sababu: Jumamosi mwanangu Rogathe anaonyesha sanaa yake ya taa kwenye lile ghala la zamani la mkonge hapa Same, siku hizi nyumba ya sanaa. Kaniagiza nije kama mama, nisije kama matroni. Miaka kumi na tisa nalea wasichana wa bweni, leo nafundishwa kwenda ugenini.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeona. Chumba cheusi, na vibamba vya jasi kutoka Makanya — jiwe lile lile ambalo malori yake yakipita tunaziba pua — vimewashiwa taa kwa nyuma. Kama ukungu wa kwetu Ugweno, jua likitafuta njia ya kuupenya. Nikazunguka chumba mara mbili. Mimi! Na kazi hii niliwahi kuiita michezo.

Baadaye wageni wakatoka uani kusikiliza hotuba. Kurudi — giza. Mgeni mmoja wa Dar akasema giza lenyewe lina ujumbe. Rogathe hakucheka, macho yalishamjaa machozi. Baada ya robo saa taa zikarudi.

Umeme wetu huu, nani asiyeujua.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Rogathe kapiga simu: Iddi, fundi umeme wao, kafungua waya zote tangu alfajiri, hakuona kasoro. Wakubwa wa pale wamesema basi, hafai, kesho analetwa fundi wa Moshi. Rogathe anamwonea huruma, lakini anasema taa hazijizimi, mama. Nikamuuliza kama amekula.

Saa moja jioni. Iddi mwenyewe kaja!

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi. Nimemharibia dada siku yake."

Nimeitikia marahaba upesi. Nimemkalisha sebuleni, nikakimbilia jikoni, eti naangalia chai. Chai imechemka zamani. Naandikia hapa kando ya vitunguu, basi niseme ukweli, angalau kwa daftari.

Umeme haukukatika. Wageni walipotoka nilibaki wa mwisho. Chumba kitupu, taa zinawaka — mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi nyuma ya pazia, kama bwenini kila asubuhi wasichana wakishaenda darasani. Nikazima. Tena nikatoka nimeridhika! Nilipokuja kuelewa, Iddi yuko juu ya ngazi, jasho linamtiririka, watu wanamzomea. Nikanyata, nikawasha. Akashuka anamshukuru Mungu. Nikanyamaza. Niliogopa Rogathe ataona kwamba nilikuja kama matroni.

Sasa napeleka chai. Namwambia, kisha nampigia Rogathe mbele yake. Nitaanzia —

Iddi anaita kutoka sebuleni:

"Mama, na huku umekatika?"

Huku jikoni taa inawaka vizuri tu. Nimemzimia nilipokuwa natoka.