Nondo Jike Juu ya Mgunga

Mwende mwanangu,

Nimekuficha jambo tangu uzaliwe, na moyo huu mchovu huenda usingoje nirudi Nunguni. Jana hapa Ikutha, joto likipungua, mwanamke afugaye nondo wa hariri alinionyesha jike akipita mti baada ya mti, akinusa, mpaka akataga mayai kwenye mgunga.

“Yeye hali kitu, mzee. Hata mdomo hana!” akacheka. “Majani ni ya watoto.”

Nililia mbele yake. Marehemu mama yako alinichagua hivyo. Nami nilikupa jina la mama yangu, kama baba Mkamba anavyomwita binti wake wa kwanza, ili mtu asiulize.

Nakupenda mno, Mwende. Mama yako alipokuja kwangu, tayari alikuwa na mimba yako.