Gari Lililolala Kwetu

Keza, Ngara
Jumanne, 19 Agosti

Dada yangu Melania,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Ansbert na wanangu wote, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimemwachia. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo kutushinda sote, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usishangae kupata karatasi badala ya meseji. Kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika nusu, na habari hii nataka uipate yote. Tena najua kaka Projestus amekwisha kukupigia kulalamika kwamba mama amekataa kuhama, na najua amekueleza nusu tu, maana nusu ya pili inamwaibisha.

Unakikumbuka kikao chetu cha baada ya Pasaka. Gari la marehemu baba, ile Suzuki, lilikuwa limekufa, limeuawa na mafuta ya chupa tunayouziwa barabarani. Kliniki ya mama ya presha iko Rulenge, na bodaboda hapandi tena tangu ile iliyomwangusha ikamwacha na mguu wa kushoto usio na nguvu. Kaka akasema, nanyi mkaitikia kama kwaya, kwamba ikifika Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti, hatujapata gari la kuaminika na mtu wa kuliendesha siku yoyote mama anayolihitaji, basi mama atahamia Biharamulo kwako. Mimi nafundisha Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo mliona mambo yamekwisha. Wewe ukaanza kupaka chumba rangi. Mama hakubishana. Aliuliza tu nani atapalilia kahawa yake na nani atakaa karibu na kaburi la baba, mkatazamana. Mlipoondoka aliniambia kwamba akienda Biharamulo atakuwa anakwenda kufa kwa adabu.

Basi nikaanza kutafuta. Mama alikuwa ameapa kwamba kitu kinachokunywa petroli hakitaingia tena uani kwake. Nilipomweleza kwamba siku hizi kuna magari madogo ya umeme alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza kama nayo yanachajiwa kitandani kama simu yangu. Lakini umeme tunao, na fundi aliyetuwekea aliniambia kwamba soketi ya sebuleni inaweza. Nikaenda Ngara mjini kwa Shibuda, yule Msukuma wa Kahama anayeuza magari yaliyokwisha kutumika. Alikuwa nayo mawili ya umeme, bei zikikaribiana, na mchango wetu ulitosha moja.

La kwanza lilikuwa jeupe, limelala chini, lina kioo kikubwa katikati kama televisheni. Shibuda alisema linakwenda kilomita mia tatu kwa chaji moja. La pili lilikuwa la buluu, fupi, limesimama wima kama kabati, na hilo alisema ni kilomita mia na hamsini basi. Nisiwe mwongo, mimi nililipenda jeupe. Kiti chake kinakukumbatia. Kaka naye nilipomtumia picha alijibu kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza anajua mia tatu ni kubwa kuliko mia na hamsini, na kwamba la buluu ni bakuli la plastiki lenye magurudumu.

Mama hakutaka picha. Alimpigia Shibuda mwenyewe akamwambia ayalete yote mawili Keza, yalale kwetu, kwa sababu mgeni humjui mpaka alale kwako. Nilitaka kuficha uso. Lakini Shibuda alikuja nayo, yeye na kijana wake, na mama akawatandikia, akawapikia ndizi na maharage, na kila gari likapewa usiku wake kwenye soketi. Jeupe lilikunywa umeme tangu jioni, na asubuhi lilikuwa ndiyo kwanza limefika nusu. Waya wetu ni mwembamba na tumbo lake ni kubwa mno. La buluu liliamka limeshiba. Mama aliendelea tu kukoroga uji.

Kisha akataka yabebe. Tulipakia magunia mawili ya maharage na majirani watatu, akiwemo Mama Nshoma ambaye unamjua alivyojaliwa, tukaenda Rulenge na kurudi, kwanza na moja kisha na jingine. Jeupe lilipanda kilima kwa nguvu kuliko la buluu, hilo nalikubali. Lakini kwenye ule mfereji unaokatiza njia lilikwaruza tumbo mpaka Shibuda akauma meno, na mita yake ya chaji ilikuwa inaporomoka kuliko alivyotuahidi. Mama alimbana, na Shibuda, ambaye kwa siku zile alikuwa ameanza kumwita mama kwelikweli, akakiri kwamba betri ya jeupe imezeeka na zile kilomita mia tatu zilikuwa za enzi lilipokuwa jipya. Mama akamwambia kwamba hata yeye ujanani alikuwa anakwenda Ngara kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo, je, angependa kumnunua kwa bei hiyo? Shibuda alicheka mpaka machozi yakamtoka. La buluu lilikwenda taratibu, likavuka mfereji bila kugusa, likajirudishia chaji kidogo kwenye mteremko, likafika nyumbani likiwa bado na zaidi ya nusu. Tukalinunua hilo.

Kaka alipoambiwa alisema haya, bakuli limepatikana, dereva yuko wapi? Nawe ulinipigia ukauliza hilohilo. Nikawajibu kwamba dereva yupo, nikakataa kumtaja. Ukanuna. Najua ulinuna, usikatae.

Sasa dada, kaa chini. Siku ile ya kwanza baada ya kulinunua mama aliingia upande wa usukani, akainama akatazama chini, akauliza kilachi kiko wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza gia za kubadilisha. Nikamwambia hakuna. Unajua kwamba baada ya ile ajali baba alijaribu kumfundisha Suzuki ili asitegemee pikipiki, na mguu wa kushoto ukashindwa kukandamiza kilachi, mama akashuka analia akakata tamaa. Sasa alivitazama vile vikanyagio viwili, kisha akasema kumbe gari hili linataka mguu mmoja tu, na huo anao.

Ndiyo, dada. Dereva ni mama. Tulianzia kwenye uwanja wa mpira wa shule wakati wa likizo. Akaangusha goli moja, tumelisimika upya. Kisha akajiandikisha kwenye mafunzo ya udereva Ngara mjini, amekaa benchi moja na vijana wa umri wa wajukuu zake, akafanya mtihani mbele ya trafiki, akapata leseni. Zile siku ulizopiga nikakwambia mama yuko kwenye novena, alikuwa kwenye usukani. Nilikudanganya, nisamehe. Lakini nawe, Mkatoliki mzima, novena gani ya siku tisa inachukua wiki tano na hukushtuka?

Ndipo ikafika Sikukuu ya Kupalizwa. Mama alituendesha mpaka Rulenge kwenye misa, mimi na Mama Nshoma na wenzake wawili. Wakati huo kaka alikuwa amekuja Keza na kirikuu cha kukodi, kile kigari cha mizigo, na kamba za kufungia kitanda cha mama, bila kumwambia mtu. Alikuta mlango umefungwa, akageuza kututafuta. Tulikutana naye tukirudi, pale kwenye kilima, njia ni nyembamba, yeye anateremka, sisi tunapanda. Akapiga honi. Akapiga tena. Mama akasimamisha gari, akashusha kioo, akatulia kama anangoja chai. Kaka akashuka na hasira zake, akaja mpaka dirishani amtukane dereva, akakuta ni mama yake mzazi. Weee! Mdomo ulifunguka ukakataa kufungika. Shikamoo ilimtoka kwa sauti ya mtoto. Mama akamwitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akamweleza kwamba sheria aliyofundishwa inasema anayepanda kilima hupishwa, kwa hiyo arudi nyuma mpaka pale penye nafasi. Hakumtukana, asikudanganye. Na kaka alirudi kinyumenyume, dada, na kirikuu chake na kamba zake, Mama Nshoma akipiga vigelegele kichwa kimetoka dirishani. Nimeishi kuyaona hayo!

Nyumbani kaka alikula akamaliza. Baadaye nikamsikia anamwomba mama amzungushe kidogo. Alirudi Biharamulo na mkungu mmoja wa ndizi ndani ya kirikuu kitupu.

Na sasa lile ambalo hata kaka halijui. Yule Erasmus wa Kasulo, ambaye ulikuwa ukiniuliza kila Krismasi kwa nini namzungusha, nimemkubalia Jumapili hii iliyopita. Sikuwa simpendi. Nilikuwa najiuliza nikiolewa nani atampeleka mama kliniki. Nilipomwambia mama nilidhani atafurahi tu, lakini alinitazama kwanza. Akasema miaka yote hii alidhani yeye ndiye aliyenishikilia, kumbe mimi ndiye niliyejificha nyuma ya mguu wake, na sasa nitoke. Nikalia, akalia, tukacheka.

Mwezi ujao mama atakuja huko Biharamulo kuzungumza nanyi mambo ya mahari. Ataendesha mwenyewe kwa vituo, na atalala kwenu siku mbili maana gari lazima linywe umeme, kisha atarudi kwake. Mwambie shemeji aikague soketi.

Ninaandika nikiwa ofisini kwa walimu, na saa hizi mama yuko njiani kwenda kliniki, peke yake kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuomba ruhusa nimsindikize, akanifukuza. Alisema tangu mguu uvunjike hajawahi kufika mahali popote bila kumwomba mtu, na leo anataka aonje.

Pokea salamu za mama na za huyo shemeji yako mpya, wabusu wanangu, na usiache kutuombea kwa novena ya kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Irine